Mama alinifundisha kuficha pesa, sasa mume anataka kukopa kausha damu. Nifanyeje?

Binti Machungwa (mleta uzi)

Habari zenu wana jamvi. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanirushia mawe.

Nina miaka 33, ndoa mwaka wa saba, watoto wawili. Tunaishi Dar. Kazi yangu ni cherehani: nashona magauni ya sherehe, na kuanzia Novemba mpaka shule zifunguliwe Januari nashona sare hadi saa nane za usiku. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Hanywi, hanipigi, na mshahara ukiingia ananionyesha ujumbe wa benki kwenye simu. Hilo la mwisho ndilo linalonichoma, mtaona kwa nini.

Kwetu ni Muheza. Mama anauza vitumbua asubuhi na machungwa mchana, pale pale tangu sijazaliwa. Baba alikuwa na shamba la michungwa. Nikiwa darasa la tano alikuja mwanaume na karatasi mkononi, akasema shamba limeshauzwa na tuhame, maana nyumba imo ndani ya shamba. Baba alikuwa Korogwe kwa mke mwingine ambaye mama hakuwa na habari naye. Mama hakulia mbele yetu. Aliingia chumbani, akatoa kibubu cha mbao uvunguni, akakiweka sakafuni akakipasua kwa mchi. Sarafu zilitapakaa chumba kizima, mimi na mdogo wangu tukaziokota kwa kutambaa. Nyingine ziliingia kwenye nyufa za sakafu, mama akazichokoa kwa sindano ya kushonea ukili. Pesa hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya chumba na sare zangu za darasa la sita. Baba mpaka leo hajui kama kibubu kilikuwepo.

Usiku wa kuamkia ndoa yangu, kungwi alipomaliza mambo yake, mama akanivuta uani. Akaniambia: "Mume mpe heshima yake, chakula chake na usingizi wake. Hesabu yako usimpe."

Nimefuata. Kila Jumamosi nanunua hisa kwenye VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa, wanawake ishirini na wanne. Mume anajua naenda darsani. Hisa zangu zimefika milioni nne na laki sita, na katikati ya Desemba tunavunja kikundi, kila mtu achukue chake.

Sasa tatizo. Tuna nyumba Chanika imefika lenta tangu mwaka juzi. Kupaua, yaani mbao, bati na fundi, hesabu ni milioni saba. Yeye amejikusanyia nne. Kodi ya tunapoishi imepandishwa, kwa hiyo amechoka kusubiri na anataka kukopa milioni tatu kwa watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali mtaani, arudishe tano ndani ya miezi minne. Ameshaulizia masharti: kadi yake ya benki na namba ya siri vinabaki kwao. Ananieleza haya tukiwa mezani, mimi namwongezea mchuzi.

Nimefikiria kumpa tatu nimwambie shoga yangu kanikopesha bila riba. Au ninyamaze kama mama alivyoniusia. Au niseme ukweli. Wanawake wenzangu, mama zenu waliwafundisha nini kuhusu hili? Wanaume pia karibuni, ila kwa adabu.

Mzee wa Kiti Kirefu

Mwenzio anakuonyesha mshahara, wewe unamwonyesha juzuu. Halafu mtu akisema kataa ndoa anaonekana mwendawazimu.

Mama Wawili

Wewe mzee pumzika.

Mdogo wangu, usiseme. Mimi mama aliniambia maneno kama hayo ya mama yako nikamwona mshamba, nimesoma bwana, nina diploma. Nikamwambia mume wangu kwamba nina laki nane. Sitasema alikuwa mtu mbaya, maana hakugusa hata senti kwa ajili yake mwenyewe. Ila ndani ya wiki mbili mdogo wake alikuwa na posa, binamu pikipiki imekamatwa, shangazi yake anatakiwa kufanyiwa arobaini ya marehemu huko Kilosa. Na kila simu inaanza na "shemeji, samahani". Pesa ikijulikana inapata ndugu. Mwezi wa pili nilikuwa naomba nauli.

Msomaji Tu

Nimetandika mkeka hapa. Kashata zipo?

Mrina Asali

Naona watu wanachanganya mambo mawili, kuwa na chako na kuficha chako. Ngoja nieleze ya kwetu.

Mimi ni wa Kilimanjaro. Nimekulia kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, na pale mpaka ulikuwa wazi. Kahawa ni ya baba. Anapeleka ushirika, malipo yakija ni yake, ndiyo ada na bati na heshima yake kijijini. Ndizi na maziwa ni vya mama. Mama alikuwa anajitwika mkungu siku ya soko, anarudi na pesa imefungwa kwenye pindo la kanga, anapita mbele ya baba na kumsalimia. Baba anajua kabisa pale kiunoni kuna pesa. Hajawahi kuuliza ni shilingi ngapi. Siku akibanwa alikuwa anamwita "mama nanii, nisaidie kidogo nitakurudishia", na mama alikuwa anamdai! Nimeshuhudia kwa macho yangu mama anamdai baba pesa ya kiberiti.

Kwa hiyo mama hakuwa na siri, alikuwa na mpaka. Sijui kama unaona tofauti. Kwenye siri, siku ikifumuka unageuka mwizi hata kama pesa ni jasho lako.

(Sisemi mambo ya kale yalikuwa mazuri yote. Kahawa ndiyo iliyokuwa na pesa nyingi, na waliokuwa wanaichuma ni mama na sisi watoto. Hilo baba hakulizungumzia.)

Binti Machungwa

Dada Mrina nimekuelewa, lakini baba yako hakuuza kihamba. Mama yangu angekuwa na pesa ya wazi, baba angeiuza pamoja na shamba.

Mrina Asali

Hapo umenikamata. Baba asingeweza kuuza, ukoo wote ungemshukia.

Kitinda Mimba

Mimi mwanaume, natoa ushuhuda bila ushauri.

Mama yetu alikuwa mjane, aliyejifunza kuficha pesa enzi za marehemu mzee na hakuacha hata baada ya kumzika. Amefariki Mei 2025. Tulipokuwa tunagawa vitu tukafungua gunia la mahindi, ndani kuna kopo la maziwa ya unga limezungushiwa mpira wa baiskeli. Laki tatu na themanini elfu. Noti za elfu tano na elfu kumi za yale matoleo ya zamani, zimekunjwa moja moja kama sambusa.

Wenye kukumbuka mtakumbuka, Benki Kuu ilitangaza kuziondoa noti za kuanzia 1985 hadi 2003, na muda wa kubadilisha ulikuwa 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025. Mama alikuwa kitandani miezi hiyo yote. Redio ilikuwa inasema kila siku pembeni ya kichwa chake. Sisi tulikuwa tunachangishana kwa simu za dawa, laki mbili laki mbili, na mimi niliuza king'amuzi na televisheni. Hakusema. Sijui alisahau, au alikuwa bado anamficha mzee.

Kopo ninalo. Noti nimeziacha zilivyo.

Msomaji Tu

Kaka pole. Mkeka umenishinda kukalia.

Abu Salma

Dada, kwa dini yetu pesa yako ni yako. Nafaqa, yaani matunzo ya mke, ni juu ya mume, hata uwe tajiri kuliko yeye, na ukichangia nyumba ni sadaka na wema wako, hakuna wa kukulazimisha. Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara mkubwa Makka, na mali yake ikijulikana. Kwa hiyo hisa hazina tatizo.

Tatizo ni darsa. Miaka saba ya Jumamosi unamwambia mtu unakwenda kumsoma Mungu, kumbe unakwenda kununua hisa. Hapo mama yako hakukutuma.

Binti Machungwa

Hilo limenikaa, ustadh. Ni kweli hakunituma. Nilianza kwenda darsani kweli, kikundi kikaanzishwa na wanawake wa darsa hilo hilo, baadaye darsa likafa kikundi kikabaki. Sikuona pa kuanzia kusahihisha.

Nyumba ya Makuti

Salamu kutoka Mombasa. Mamangu mimi hakunifunza kuficha pesa, alinifunza kuficha risiti! Alikuwa na mkebe wa mafuta ya Kimbo juu ya kabati, kila alichonunua cha nyumba ile, mfuko wa simiti, mlango, hata bawaba, karatasi inaingia mkebeni. Sisi tulikuwa tukimcheka. Babangu pia akicheka.

Walipoachana hakuna aliyecheka. Siwezi kusema mengi maana wote wako hai na wanasalimiana, lakini mkebe ulifunguliwa mbele ya wazee na mazungumzo yakawa mafupi.

Huku kwetu Kenya tuna Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, inahesabu hata kulea watoto na kazi za nyumbani kuwa mchango. Watu wakadhani basi ni nusu kwa nusu. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikasema haiji yenyewe hiyo nusu, kila mmoja aonyeshe alichotia. Nikamkumbuka mamangu na mkebe wake. Kwa hiyo wewe ukitoa hizo milioni tatu kwa jina la shoga yako, shoga yako ndiye atakayekuwa amepaua nyumba.

Kanzu Nyeusi

Mombasa kanimalizia kazi, lakini niongeze kwa upande wa Tanzania maana mleta uzi yuko huku.

Mzee wa Kiti Kirefu, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mke kumiliki mali yake mwenyewe akiwa ndani ya ndoa. Kwa hiyo wizi haupo hapo. Na nyumba ya familia mwenzi mmoja hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mama wa Muheza alikuwa na pa kushika siku ile, ila nani angemwambia, na nauli ya kwenda mahakamani ingetoka kibubu gani.

Ndoa ikivunjika, kifungu cha 114 kinagawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Hapa kila mtu anaitaja kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983, iliyosema kazi za nyumbani za mke ni mchango. Ni kweli, na ni kesi kubwa. Wanachoacha kusimulia ni kwamba Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu, kwa sababu majaji waliona mumewe alishampa fedha za mradi wa familia naye akazitapanya. Alishinda hoja, akakosa fungu. Wanawake wote waliokuja baada yake wanakula matunda ya kesi ambayo yeye hakupata kitu.

Kwa hiyo pesa yako ikiingia kwenye nyumba, iingie kwa jina lako, kwa karatasi. Usijifanye mkopeshaji.

Mzee wa Kiti Kirefu

Sawa wakili, nimekaa. Ila mimi swali langu la kiume liko pale pale: huyu bwana akijua, atalala?

Shangazi Mkorofi

Nimesoma wote mmesema vizuri, mmenichosha.

We Binti, mama yako yuko hai? Si umesema "anauza" vitumbua? Sasa unatuuliza sisi watu tusio na sura maana ya maneno ya mama yako mwenyewe, na simu unayo. Mpigie.

Binti Machungwa

Naogopa, shangazi. Nikimwambia nataka kusema, ataona nimemdharau. Ile siku ya kibubu hatujawahi kuizungumza, hata mara moja.

Shangazi Mkorofi

Mpigie. Akikutukana uje tukupanguse.

Binti Machungwa: MREJESHO

Samahanini kwa kimya, wiki mbili hizi sare zimenizidi. Mambo yametokea.

Jumapili ile nilimpigia mama saa nne asubuhi, wakati ameshamaliza vitumbua anaosha karai. Shikamoo, marahaba, watoto, mume, cherehani. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Nikangoja. Nasikia tu maji na ile sauti ya steelwire inakwaruza.

Akasema, "Hicho kiwanja cha Chanika kimeandikwa nani?"

Nikamwambia, "Cha kwetu, mama. Alinunua yeye tulipooana."

"Sijakuuliza nani kanunua. Kimeandikwa nani?"

Nikasema sijui. Na ni kweli, sikuwa najua. Wana jamvi, mama yangu alicheka. Si kicheko kizuri. Akasema, "Pesa yako umeiweka kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Karatasi ya nyumba utakayozeekea hujaisoma. Mimi baba yako hakuuza pesa zangu. Aliuza shamba, na kwenye karatasi jina langu halikuwemo, na mimi sikuuliza miaka kumi na minne kwa sababu nilikuwa naona aibu kumuuliza mume."

Nikamuuliza, sasa mbona uliniambia nifiche? Akasema alipokuwa ananiambia maneno yale sikuwa na kitu cha kuandikwa jina, nilikuwa na cherehani ya mkopo. Kisha akasema wateja wa machungwa wamefika, akakata. Saa ile wateja wa machungwa bado, naijua ratiba yake.

Mume nilimwambia jioni ya Jumatatu. Nilianza na darsa, nikamalizia na hisa, nikamwekea kitabu changu mezani na mihuri yake yote. Alikipekua karatasi moja moja kama anasahihisha mtihani. Mzee wa Kiti Kirefu, jibu lako: hakulala. Alikaa barazani mpaka saa tisa. Wala hakuuliza ni shilingi ngapi wala nilikuwa nataka kuzifanyia nini. Aliuliza, "Ile Jumamosi mtoto ana homa, ukasema darsa lina mgeni kutoka Zanzibar. Ulikuwa wapi?" Nikamwambia kwenye kikundi, ilikuwa siku ya faini. Akanyamaza tena.

Siku nne aliongea na mimi mambo ya chumvi na gesi tu. Siku ya tano akaleta karatasi ya kiwanja mwenyewe, akaiweka juu ya cherehani. Jina lake peke yake, shahidi kaka yake. Nikamwambia kuhusu baba na shamba. Miaka saba ya ndoa hakuwa anaijua habari ile, nilimwambia tu wazazi waliachana. Alisoma karatasi ile upya kama yeye ndiye aliyeletewa.

Tumekubaliana hivi: kausha damu hapana. Nitoe milioni tatu kikundi kikivunjwa, na kabla bati hazijanunuliwa karatasi iandikwe upya kwa majina mawili. Laki sita na ile milioni moja zibaki kwangu, hakuuliza za nini, na mimi sikueleza. Tukihitaji mkopo, utatoka kikundini, mzunguko mpya, na yeye atakuwa mdhamini wangu.

Ila mambo hayajaisha. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anataka aliyeuza awepo asaini, na aliyeuza amehamia Lindi.

Kanzu Nyeusi

Huyo mama wa vitumbua aje afungue ofisi. Mali ikiandikwa jina la mmoja, sheria inaanza kwa kumhesabu huyo kuwa ndiye mwenyewe, na mwingine ndiye wa kuhangaika na ushahidi. Majina mawili, inaanza kwa kuwahesabu sawa. Vifungu hivyo tunasomeshwa chuoni miaka, yeye kavipata kwenye karai.

Mama Wawili

Mimi bado nasema laki sita na milioni uzifiche vizuri. Shemeji wa Kilosa hawajafa.

Kitinda Mimba

Mwambie mtu mmoja ziko wapi. Mmoja tu.

Binti Machungwa

Kaka, nimemwambia mama.

Shangazi Mkorofi

Nauli ya kutoka Lindi mpaka Dar ni kiasi gani? Mtumieni huyo muuzaji aje. Mnasubiri bati zipande?

Binti Machungwa

Baba watoto katoka sasa hivi kwenda kwa wakala kumtumia. Kwa pesa yangu, na kaniachia risiti juu ya cherehani.